Marejeo ni Ngamani: Somo la Bendi Kongwe Kutoka Mpaka wa Tunduma

Wahenga wetu wa pwani walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila aliyepata kusafiri kwa jahazi anaijua maana yake bila ya kufasiriwa. Baharia huenda tezi penye usukani, huenda omo kutazama mawimbi yajayo, lakini maji yakizidi chomboni hapana budi ashuke ngamani kuyafua, ama sivyo chombo na waliomo watakwenda chini pamoja.

Tumeikumbuka methali hiyo kwa sababu ya habari ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji wetu. Ni habari ya bendi kongwe ya magita ya umeme, iliyozaliwa katika miji ya migodi ya jirani zetu wa Zambia, ikavuma, ikabadilika, ikanyamaza, kisha ikarejea katika sauti yake ya kwanza, sauti kavu isiyo na mapambo. Bendi hiyo ni WITCH. Jina hilo kwa Kiingereza ni mchawi, na pia ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya "Tumekusudia kuleta zahama".

Muziki wake huitwa roki, na tawi la muziki huo lililo zito kuliko yote huitwa hevi metali, yaani chuma kizito. Visiwani, ambako sikio limelelewa na udi, kanuni na fidla, wako watakaosema kuwa hizo ni kelele. Hatugombani nao, ingawa twawakumbusha kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1946. Tunawaomba tu watusikilize mpaka mwisho, kwani yaliyoifika WITCH yaweza kukifika kikundi chochote cha muziki, kiwe cha dansi au cha taarab. Na somo lake linawahusu zaidi wale waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni wa nchi.

MPAKANI

Habari hii hutazamwa vizuri zaidi mtu akiwa amesimama Tunduma. Mji huo uko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, mahali ambapo Tanzania inaishia na Zambia inaanza. Tangu mwaka 2016 umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, wenye makao yake makuu Vwawa na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Upande wa pili wa mstari uko mji wa Nakonde. Miji hiyo miwili imekaribiana kama vyumba viwili vya nyumba moja, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, kwa kuwa mstari uliochorwa na wakoloni haukuuliza nani ni ndugu wa nani.

Wengi wetu wa visiwani tunaijua Tunduma kwa jambo moja tu, nalo ni malori. Mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita pale ikielekea Zambia na Kongo, na shaba hupita pale ikija baharini. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha ili msafiri akaguliwe mahali pamoja badala ya pawili. Aidha, reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, hupita mpakani hapo katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, mlangoni mwa Ukanda wa Shaba.

Lakini si malori na shaba tu vilivyoipita njia hiyo. Wanamuziki nao waliipita, na santuri nazo zilivuka. Sauti za redio hazikuhitaji hata kuvuka, kwani mawimbi hayasimami forodhani kungoja muhuri. Kwa hiyo, mtu aliyesimama Tunduma akaelekeza sikio kusini alikuwa jirani wa mojawapo ya harakati za muziki zilizo motomoto kuliko zote barani Afrika katika miaka ya 1970. Harakati hiyo iliitwa Zamrock, yaani roki ya Zambia.

ENZI YA SHABA

Zambia ilipopata Uhuru mwaka 1964, shaba ilikuwa na bei, na miji ya migodi kama Kitwe na Chingola ilikuwa na fedha. Vijana wa miji hiyo walisikia santuri za Jimi Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath, wakanunua magita na kuanza kupiga. Hawakuiga tu. Waliingiza lugha zao, mapigo ya ngoma za kwao, na masikitiko ya watu waliotoka vijijini wakaingia katika miji ya moshi na mitambo.

Rais Kenneth Kaunda, naye mwenyewe mpiga gita, aliamuru katika miaka hiyo kwamba sehemu kubwa mno ya muziki unaopigwa redioni, asilimia 95, iwe ya Wazambia. Huenda wengine walitaraji kwamba amri hiyo ingewafukuza vijana wa magita. Kinyume chake iliwafungulia mlango, kwa sababu wao nao walikuwa Wazambia, na redio ilihitaji kazi zao.

Hapo ndipo WITCH ilipochomoza, ikiwa na vijana watano wakiongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda. Mashabiki walimwita Jagari, kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones, na jina lenyewe likatiwa ladha ya Kiafrika. Santuri yao "Introduction" ya mwaka 1972 hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo santuri ndefu ya kwanza kutolewa kibiashara nchini Zambia. Ikafuatwa na "In the Past" ya mwaka 1974 na "Lazy Bones!!" ya mwaka 1975.

Anayezisikiliza santuri hizo leo atagundua jinsi vyombo vilivyokuwa vichache: gita la solo, gita la rithimu, gita la besi, ngoma, na hapa na pale kinanda. Gita la solo lilipitishwa katika kifaa kidogo kinachokanyagwa kwa mguu, ambacho kazi yake ni kuikwaruza sauti hadi iwe kama msumeno unaokata ubao mbichi. Hapakuwa na mahali pa kujificha. Mpiga besi akikosea, kosa lilisikika. Na mwimbaji akiishiwa na pumzi, pumzi hiyo nayo iliingia katika santuri. Hiyo ndiyo sauti tunayoiita ya moja kwa moja: watu watano katika chumba kimoja, kila mmoja akimtegemea mwenzake kama wapiga makasia.

ZAMA ZA DISKO

Kisha upepo ukageuka. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba iliporomoka katika soko la dunia. Zambia, iliyokuwa imefungiana mpaka na Rhodesia ya walowezi tangu mwaka 1973, ilikuwa ikibeba mzigo mzito wa ukombozi wa majirani zake. Fedha zikaadimika, na watu wakapunguza kununua santuri. Baadaye kanda za kaseti zikafanya iwe rahisi kwa mwizi kunakili jasho la mwenzake.

Muziki wenyewe nao ulikuwa ukibadilika. Dunia nzima ilikuwa ikicheza disko. Jagari aliiacha bendi katika miaka hiyo akaenda kuwa mwalimu, na WITCH iliyobaki, ikiwa na mpiga kinanda kijana Patrick Mwondela, ikafuata wakati. Santuri za "Movin' On" ya mwaka 1980 na "Kuomboka" ya mwaka 1984 zina vinanda vinavyong'ara na mapigo ya kuchezea ukumbini. Hatuzidharau, kwani ni kazi za mafundi. Lakini msumeno ulikuwa umewekwa kabatini, na baada ya hapo bendi ikanyamaza kwa miongo miwili na zaidi.

Ukimya huo haukuwa wa muziki peke yake. Maradhi ya UKIMWI yaliivamia Zambia kwa ukali, na wanamuziki wengi wa kizazi cha Zamrock walizikwa kabla ya kuzeeka. Kati ya vijana watano wa WITCH ya mwanzo, aliyebaki hai hata bendi ilipofufuka ni Jagari mmoja. Yeye alikuwa amekwenda kutafuta riziki katika uchimbaji wa vito. Aliyewahi kujaza viwanja alikuwa sasa akichimbua mawe ardhini, na vijana waliopita karibu yake hawakumjua ni nani.

KUREJEA

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Now-Again ya Los Angeles, Marekani, ilizikusanya santuri kuukuu za WITCH na kuzitoa upya. Wasikilizaji wa Ulaya na Marekani, ambao hawakuwa wamezaliwa wakati zinarekodiwa, walizipokea kwa shauku. Jagari akaitwa jukwaani tena. Wakajiunga naye Mwondela, vijana wapiga ala wa Ulaya na waimbaji wa kike wa Kizambia. Mwaka 2019 ikatoka filamu iliyosimulia kisa chao, na mwaka 2023 ikatoka "Zango", santuri mpya ya kwanza ya WITCH baada ya takriban miaka 40. Ilirekodiwa Lusaka, nyumbani. Mwaka 2025 ikafuata "Sogolo", neno la Kinyanja lenye maana ya mbele, au siku zijazo.

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Jagari na wenzake wangeweza kuingia studio na kutumia kila hila ya mitambo ya leo, ambayo humrekebisha mwimbaji aliyepotoka na kumpigia ngoma asiye na mpiga ngoma. Badala yake walirejea kwenye gita lililokwaruzwa, besi, ngoma na sauti ya mzee aliyevuka miaka 70, wakaimba kwa Kiingereza na kwa lugha za nyumbani. Walirejea ngamani, na hawakurejea kwa kuwa walishindwa kwenda mbele, ila kwa kuwa waliona ndipo penye uzima wa chombo chao.

Wala WITCH si peke yao. Wale wale Black Sabbath waliosikilizwa Kitwe walikuwa watoto wa mji wa viwanda, Birmingham, Uingereza. Mpiga gita wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana. Ikambidi avike vidole hivyo vifuniko na baadaye alegeze nyuzi za gita ili aweze kuzibonyeza, na katika ulegevu huo ukapatikana ule uzito uliozaa hevi metali. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1970, waliipiga studioni kwa takriban siku moja tu. Baada ya miaka mingi ya kuvunjika na kuungana, walipotaka kurekodi tena na mwimbaji wao Ozzy Osbourne, msimamizi wa kazi hiyo, Rick Rubin, aliwakalisha wakaisikiliza santuri ile ya kwanza, akawataka warudie roho yake. Matokeo yake ni "13" ya mwaka 2013, iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Tarehe 5 Julai, 2025, waasisi wote wanne walipiga onyesho la kuaga katika mtaa wa kwao wa Aston, na onyesho hilo likaitwa "Kurudi Mwanzo". Siku 17 baadaye Ozzy akafariki dunia.

Migodi ya Kitwe na viwanda vya Birmingham viko mbali, lakini kisa ni kimoja. Sauti nzito ilizaliwa na watu wa kazi nzito, na ilipopambwa kupita kiasi ilipoteza nguvu. Waliorejea walirejea kwa kutupa mapambo.

BENDI YETU ILIYOVUKA

Msomaji atauliza: na sisi Tanzania je? Sisi nasi tulikuwa na vijana wa magita, na yafaa tuseme kweli juu ya jinsi tulivyowatendea. Mnamo Novemba 1969 viongozi wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na si wa utamaduni wetu. Nia ya kulinda utamaduni ilikuwa njema. Lakini linganisheni njia mbili hizi: jirani alisema wapigeni zaidi watu wa nchi hii, sisi tulisema usipigwe muziki wa namna hii. Ya kwanza ilizalisha bendi. Ya pili ilizalisha woga.

Hata hivyo bendi zilikuwapo, na moja yao iliitwa Sunburst. Ilianza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikachanganya roki, soul na mapigo ya Kiafrika, na mwaka 1973 ikarekodiwa na Radio Tanzania. Baadaye Sunburst ilikwenda Zambia, na huko, mwaka 1976, ikatoa santuri yake ndefu pekee, "Ave Africa". Ni mwaka ule ule ambao reli ya TAZARA ilikabidhiwa. Bendi ya Watanzania ilipata huko jirani kile ambacho haikukipata nyumbani. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kazi zao zilitolewa upya, pamoja na zile za Radio Tanzania. Aliyezitoa ni nani? Ni kampuni ya Strut ya London.

Tunalisema hili bila ya kumlaumu mgeni. Aliyeokota lulu ufukweni si mwizi, na ametuonyesha kuwa ni lulu. Lakini tujiulize kwa nini tulipita juu yake kila siku tukidhani ni kokoto.

YATUPASAYO

Visiwani jambo hili halituko mbali. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichozaliwa mwaka 1958, vimeushuhudia wakati ambapo kinanda kimoja cha umeme kilichukua nafasi ya wapiga fidla wanane, na mipasho ikachukua nafasi ya mashairi. Vimeushuhudia pia uvumilivu wa wale walioshikilia kanuni, nai na udi. Na nje ya kumbi kubwa kiko kidumbak, chenye vingoma viwili vidogo, fidla na besi ya sanduku la mbao na uzi. Hakuna sauti iliyo ya moja kwa moja kuliko hiyo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizunguka dunia akiwa na koo lake na ngoma yake tu, na dunia haikumuuliza kinanda chake kiko wapi.

Kwa hiyo sisi hatuhubiri kwamba kila kilicho kipya ni kibaya. WITCH yenyewe ilipokuwa mpya iliitwa kelele, na kinanda cha umeme mikononi mwa fundi ni ala kama ala nyingine. Tunalosema ni kwamba bendi haiwezi kurejea ngamani ikiwa ngama imeoza. Jagari aliweza kurejea kwa sababu tatu: santuri zake zilikuwa zimehifadhiwa na mtu fulani mahali fulani, ala zilipatikana, na palikuwa na vijana walio tayari kujifunza kutoka kwake angali hai. Ikikosekana moja, kisa hiki kisingekuwapo, na WITCH lingekuwa jina tu midomoni mwa wazee.

Hapo ndipo tunapowaelekea viongozi wetu kwa heshima. Kwanza, kanda zilizorithiwa na TBC na ZBC kutoka redio zetu za zamani zihesabiwe, zisafishwe na kunakiliwa, na orodha yake itangazwe kwa wananchi. Ukanda wa sauti si kama jiwe. Unyevu wa pwani unaula kila msimu wa masika, na ukishaliwa hakuna bajeti itakayourudisha. Pili, COSOTA kwa upande wa Bara na COSOZA kwa upande wa Zanzibar ziwatafute wenye kazi hizo, au warithi wao, kabla hawajatafutwa na mgeni mwenye mkataba mkononi. Tatu, ushuru wa ala za muziki utazamwe upya, ili gita na fidla visiwe anasa kwa mtoto wa Vwawa au wa Mkoani. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kimeonyesha kwamba kijana akipewa ala na mwalimu hujifunza. Chuo kimoja hakitoshi.

Nne, Tunduma ipewe heshima yake. Mnamo Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia huko Beijing kutiwa saini kwa makubaliano ya kuihuisha TAZARA. Nayo reli, basi, inarejea ngamani. Tunashauri kwamba reli hiyo itakapotengemaa, mikoa ya pande mbili za mpaka ishirikiane kuandaa jukwaa la mwaka pale mpakani, ambapo bendi za dansi, vikundi vya taarab kutoka visiwani, ngoma za Wanyiha na Wanyamwanga, na wazee wa Zamrock watapiga mbele ya vijana. Gharama yake si kubwa, na faida yake ni kwamba kijana wa Songwe ataijua Tunduma kama mlango wa elimu na sanaa, wala si foleni ya malori tu.

Tunamalizia kwa kumrejea yule mzee wa Kitwe. Alipanda jukwaani akiwa kijana, akashuka mgodini akiwa mtu mzima, akapanda tena jukwaani akiwa na mvi. Wenzake wanne hawakuwa naye, lakini sauti yao ilikuwa naye, kwa kuwa ilirekodiwa kavu na kweli, na kwa kuwa kuna aliyeitunza. Wazee wetu wa muziki, wa Bara na wa Visiwani, nao wanazidi kupungua kila mwaka. Kila mmoja wao akiondoka kabla hatujamsikiliza, maji yanazidi ngamani. Ni wakati wa kuyafua sasa, na kila mwenye kata aishike.